Kitimoto siyo steki, wacheni ubishoo

Najua nimepotea. Wiki mbili za test si mchezo, mtu unalala na desa kifuani kama ndilo blanketi. Leo nina saa mbili wazi kati ya pindi na pindi, nimekaa maktaba, na badala ya kusoma nataka tugombane kidogo kuhusu nyama. Iive kiasi gani? Msicheke, ni ishu nzito hii.

Kisa chenyewe kifupi. Bumu liliingia, Jumamosi tukajikusanya watu sita tukashuka mjini hapa Iringa, sehemu moja ambayo jina lake naliweka mfukoni. Tukaagiza kilo mbili za kitimoto choma, ndizi, kachumbari na pilipili. Nyama ikaja. Nje nyeusi, inanukia mpaka meza ya jirani wakageuka. Nikachukua kipande cha kwenye mfupa, nikakata: ndani pinki, inateleza, na pale mfupani maji mekundu. Nikamwita mhudumu, "Dada samahani, naomba irudi jikoni, haijaiva." Basi bwana! Ungedhani nimemtukana mtu mzazi wake.

Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, kijana wa Dar aliyefanya field kwenye hoteli fulani likizo iliyopita, akaweka uma chini. "Mwana unatuaibisha. Nyama siku hizi haipikwi mpaka ife mara ya pili. Hiyo ndiyo midiamu, ina juisi yake. Nyie wa mikoani mmezoea kutafuna kandambili." Meza ikacheka. Mwingine akaongeza kwamba mwanaume wa kweli haogopi damu. Dada mmoja tunayesoma naye akaniunga mkono, lakini kwa sababu zake mwenyewe: yeye anataka kila nyama duniani ikaushwe mpaka ilie kau mdomoni, ya ng'ombe, ya mbuzi, zote. Kwa hiyo nikabaki katikati napigwa na pande zote mbili, huku nyama inapoa.

Sasa naomba nijibu hapa, maana pale mezani muziki ulikuwa juu.

Naanza na dada yangu wa kandambili, kwa sababu kwake sina ugomvi mkubwa. Dada, ng'ombe si lazima umuue mara mbili. Mnofu mzima wa ng'ombe mwenye afya, aliyechinjwa na kukaguliwa vizuri, vijidudu vyake vingi hukaa juu, pale kisu, mikono na nzi vilipopita. Moto ukishika nje yote, katikati pakibaki pekundu hatari si kubwa sana. Na yale maji mekundu siyo damu kama mnavyodhani, damu ilishamwagika machinjioni. Ni rangi ya msuli wenyewe imechanganyika na maji ya nyama. Kwa hiyo mtu akikaa hotelini akaagiza steki ya ng'ombe nyekundu katikati, mimi namwachia. Tegu wa ng'ombe yupo, anaweza kumpata, atamsumbua tumboni, na huyo tegu wa ng'ombe hapandi kichwani mwa mtu. Wahabeshi wana kitfo yao, nyama ya ng'ombe iliyosagwa na inayoliwa mbichi kabisa au imepashwa kidogo tu, na ni chakula cha heshima. Wafaransa nao wana ya kwao. Kila mtu na mdomo wake.

Ila nyama ya kusaga nina neno nayo. Ukisaga, kile kilichokuwa juu unakipeleka katikati. Mwaka 1993 huko Marekani, migahawa ya Jack in the Box iliuza baga ambazo hazikuiva ndani. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafa. Sheria ya jimbo la Washington ilikuwa inataka joto kubwa zaidi ya lile walilotumia jikoni. Kwa hiyo hata huko kwenye sinema tunakojifunzia ubishoo, watu wamezika watoto kwa sababu ya baga yenye juisi. Nyama ya kusaga ipikwe mpaka mwisho, hapo niko na dada.

Haya, sasa turudi kwa mdudu. Mbuzi katoliki. Kitimoto. Hapa ndipo nakunja ngumi.

Kosa la jamaa yangu wa mwaka wa tatu ni kuchukua sheria ya steki ya ng'ombe na kuivalisha nguruwe wa Nyanda za Juu Kusini. Hajui kwamba hii mikoa yetu ina sifa mbaya kwenye jambo hilo. Nguruwe wengi huku, hasa vijijini, hawakai bandani mwaka mzima. Mavuno yakishatoka anafunguliwa, anazurura, anakula anachokuta. Na anachokikuta, samahani kwa mnaokula sasa hivi, ni pamoja na kinyesi cha binadamu, kwa sababu vyoo siyo kila kaya inavyo na siyo kila anayekuwa nacho anakitumia akiwa shambani. Ndani ya kinyesi cha mtu mwenye tegu kuna mayai. Nguruwe akiyameza, yanaanguliwa, watoto wa tegu wanapenya utumbo, wanasafiri kwenye damu na kukaa kwenye misuli ndani ya vijifuko vyeupe, ukubwa kama punje ya mchele au harage dogo. Huo msuli ndio ile nusu kilo yako.

Ukiula haujaiva, kijifuko kinafunguka tumboni mwako na tegu anajishikiza kwenye utumbo. Anakua mita mbili, tatu, wengine zaidi, na anaweza kukaa miaka. Na ubaya wake ni mpole. Wengi wenye tegu hawasikii kitu cha maana, labda tumbo kujaa, labda kuona vipande vyeupe chooni na kunyamaza kwa aibu. Kila kipande kinachotoka kinabeba mayai kwa maelfu.

Kama mnadhani nawatungia, hii habari ilithibitishwa zamani sana, tena kwa namna ya kutisha. Mwaka 1855 daktari Mjerumani aitwaye Friedrich Küchenmeister alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo chakula chenye vijifuko vya nyama ya nguruwe, bila mfungwa kujua. Baada ya hukumu kutekelezwa akampasua, akakuta tegu wachanga tumboni. Leo kamati ya maadili ingemfukuza chuo yule daktari na ingefanya vizuri. Lakini jibu lilipatikana, na sisi miaka 170 baadaye bado tunabishana mezani kama vile hakuna aliyewahi kuangalia.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya, mpaka wanaosoma masomo ya afya nimewasikia wakichanganya. Ukila nyama yenye vijifuko unapata tegu tumboni. Ukimeza MAYAI ya tegu, ambayo yametoka kwa binadamu mwenye tegu, hapo wewe mwenyewe unakuwa kama nguruwe: yanaanguliwa, yanapenya, yanakwenda kwenye misuli, kwenye macho, kwenye ubongo. Kijifuko kikikaa kwenye ubongo, mtu anaumwa kichwa miaka, anapata kifafa, wengine wanakufa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo ambayo huyu mdudu amekita mizizi, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa chanzo chao ni yeye. Asilimia 30! Ugonjwa ambao huku kwetu tunasema karogwa.

Mnaona inakokwenda? Mla kitimoto cha pinki anapata tegu. Anayepata kifafa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hata siku moja hakugusa hiyo nyama.

Mfano upo na ni maarufu. New York, miaka ya 1990 na 1991, walipatikana wagonjwa wanne wa vijifuko kwenye ubongo katika jumuiya ya Wayahudi wanaoshika dini sana. Wayahudi wale! Nguruwe hawamgusi, hawamnunui, hawamweki hata kwenye friji. Madaktari wakakuna vichwa. Walipofuatilia, wakafika kwa wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na Kati ambako tegu yupo. Mtu mwenye tegu asiyejijua anapika, ananawa haraka haraka, analisha familia. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1992 na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa nayo.

Sasa hamisha hiyo habari kutoka New York ilete hosteli. Ghorofani kwetu tuko watu wa kila aina. Kuna ndugu zetu Waislamu, kuna Wasabato, kuna yule mlokole asiyekula hata nyama ya kuku siku za maombi. Choo kimoja, bomba moja, na maji mnajua yanavyokatika. Halafu tunapokezana kupika, mtu ametoka chooni anakatakata nyanya na vitunguu vya kachumbari ambayo haitapita kwenye moto hata sekunde moja. Jamaa anakula midiamu yake Jumamosi kwa raha zake, na miezi michache mbele Msabato wa watu anameza mayai kwenye kachumbari. Halafu mnaniambia nyama ni suala la mtu na mdomo wake! Ya ng'ombe, sawa. Ya nguruwe huku kwetu, hapana, mdomo wako umeunganishwa na ubongo wa mwenzako.

Na msiseme mambo ya New York hayatuhusu. Wilaya ya Mbozi ilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Watu 830 wa vijiji 13 walipimwa. Karibu asilimia 17 walikutwa na dalili kwenye damu kwamba wana vijifuko hai mwilini, yaani kama mtu mmoja kati ya sita. Wenye tegu tumboni walikuwa karibu asilimia 5. Hesabu mwenyewe darasani kwako ukiwa umekaa. Najua wana Mbeya mtanikimbia kwa kusema Mbozi siku hizi iko mkoa wa Songwe tangu 2016. Sawa, lakini nguruwe haonyeshi kitambulisho pale Mlowo. Anapakiwa, anakuja Mwanjelwa, anakwenda Makambako, anafika mpaka Dar kwa huyo huyo bishoo.

Kuna siku mwaka jana, darasani, binti mmoja alianguka kifafa katikati ya pindi. Watu wapatao mia mbili, wasomi watarajiwa wa taifa hili, walikimbilia mlangoni. Wengine wakapiga kelele asiguswe, eti mate yake yanaambukiza. Aliyekwenda kumlaza ubavu na kumwekea sweta chini ya kichwa ni mama mfagizi. Kifafa kina vyanzo vingi, na mimi sisemi kilichompata yule dada kilitoka wapi. Ninachosema ni kwamba tunamkimbia mgonjwa ambaye mate yake hayamwambukizi mtu, halafu tunapanga foleni kwenye jiko la mkaa ambalo linaweza kumtengeneza mgonjwa mwingine. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, watu waliiogopa nyama ya ng'ombe mpaka wachomaji wakakaa wanapunga nzi. Kwa hiyo kuogopa tunajua, tukitaka.

Sasa hoja za mezani, moja moja.

Kwanza ile ya pombe kali. "Ukishushia na kitu cha moto, mdudu gani atapona?" Na huku Iringa wana toleo lao, eti ulanzi ukishachachuka sana unaosha tumbo. Jamani, tegu anaishi kwenye utumbo wa binadamu, kwenye asidi na nyongo na uchafu wote huo, kwa miaka. Unafikiri atashtuka kwa glasi mbili? Utalewa wewe, yeye atakusubiri. Ndimu na pilipili ni hivyo hivyo. Ndimu inabadilisha rangi ya nyama ionekane kama imeiva, na ndiyo inavyozidi kudanganya.

Pili, ile ya babu zetu. "Mbona wazee walikula hawakufa?" Bibi yangu mzaa mama yuko Tukuyu, na nyama kwake inaingia kwenye chungu asubuhi na kutoka wakati jua linashuka Rungwe. Ukimwambia nyama iliwe na damu yake atakuuliza kama kuni zimeisha nyumbani kwenu. Huu mtindo wa kuivisha nusu haukutoka kwa mababu, umetoka kwenye televisheni, na wazee wasisingiziwe. Tena hatujui wazee wangapi waliitwa wamerogwa.

Tatu, na hii ndiyo aliyoitoa bishoo kwa kiburi: "Wajerumani wanakula nguruwe mbichi na mkate." Ni kweli kabisa. Inaitwa Mett, inasagwa, inawekwa kitunguu, asubuhi watu wanakula wakienda kazini. Lakini hakusimulia mwanzo wake. Mwaka 1865 katika kijiji cha Hedersleben, huko huko Ujerumani, watu zaidi ya 300 waliugua kwa minyoo mingine ya nguruwe baada ya kula nyama mbichi, na kama 100 hivi wakazikwa. Baada ya misiba ya namna hiyo ndipo ukaguzi wa nyama kwa hadubini ukasukumwa kuwa sheria. Nguruwe wao anakaa ndani, hajui hata kinyesi cha binadamu kinafananaje, na nyama ya kuliwa mbichi wana masharti yake makali. Kwa hiyo, kaka, ukitaka kula kama Mjerumani anza na choo cha Mjerumani, banda la Mjerumani na mkaguzi wa Mjerumani. Mett iwe ya mwisho.

Na hoja yake ya nne ilikuwa na nguvu kidogo, lazima nimpe haki yake. Wamarekani mwaka 2011 walishusha joto wanaloshauri kwa minofu ya nguruwe mpaka nyuzi 63, halafu nyama ipumzike dakika tatu. Katika joto hilo nyama inaweza kubaki na weupe wenye pinki kidogo. Na ni kweli, nyuzi 60 na kitu mpaka katikati, kijifuko kinakufa. Ila wao wanachoma na kipimajoto. Sisi tunachoma na simu mkononi. Kile kipande changu cha mfupani kilikuwa hata vuguvugu hakijafika. Nguruwe mwenye nyuzi 63 katikati anakuunguza ulimi!

(Halafu wale wa fizikia msianze. Najua Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari na maji yanachemkia nyuzi 94 au 95 hivi, ndiyo maana maharage yetu yanachukua mchana mzima. Kwa tegu nyuzi 94 ni nyingi mno, hilo lisiwape visingizio.)

Sasa nataka nimtetee mtu mmoja ambaye watu wanadhani namshambulia, mchoma nyama. Likizo nilipokuwa nyumbani Mbeya nilikaa na kaka mmoja anayechoma pale Mwanjelwa, tukapiga stori wakati wateja hawajajaa. Nikamuuliza kwa nini anatoa nyama mapema. Akacheka. "Mdogo wangu, wewe unafikiri mi sijui kuivisha? Mteja anapima kilo yake mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mzani, mara ya pili kwa macho ikija mezani. Nikiivisha mpaka mwisho inasinyaa, ananiambia nimemwibia. Nikiitoa mapema imejaa sahani, ananiita fundi."

Nilibaki nimenyamaza. Fikirieni hilo. Tunanunua nyama kwa uzito wa mbichi. Nyama ikiiva maji yanatoka, mafuta yanadondoka kwenye mkaa, kilo inarudi pungufu sana, robo yake inaweza kupotea hivi hivi. Hilo halina mwizi, ni maji. Lakini sisi tumemfundisha mchomaji kwamba akiivisha anakosa jina, na asipoivisha anapewa bakshishi. Halafu ongeza haraka. Mtu anaagiza kilo nzima ya kitimoto choma, baada ya dakika kumi anaanza kugonga meza, "Vipi hiyo, bado?" Yule kaka anafanyaje? Anapuliza mkaa. Moto mkali unashika nje, mafuta yanawaka, nyama inapata weusi mzuri, na ndani pande nene halijasikia habari. Weusi wa nje haujawahi kuwa cheti cha ndani. Na kwa baridi la Mbeya la mwezi wa saba, nyama iliyoning'inia tangu alfajiri inafika jikoni ina ubaridi kama imetoka kwenye friji, ndiyo inazidi kuchukua muda.

Akaniambia pia kitu kingine. Wanunuzi wa nguruwe wanajua kumpima mnyama kwa ulimi, anakamatwa, mdomo unafunguliwa kwa mti, ulimi unavutwa na kupapaswa kama una vivimbe. Akikutwa navyo, bei inashuka. Sikilizeni vizuri, nimesema bei inashuka, sikusema nguruwe anafukiwa. Na mwenye vijifuko vichache ulimi wake ni safi, hata mkaguzi mzuri wa machinjioni anaweza asivione. Kwa hiyo mhuri kwenye nyama ni muhimu, mimi hununui nyama isiyo na mhuri, ila mhuri haumalizi kazi ya moto.

Ndiyo maana kwangu kitimoto cha kukaanga kwenye karai, kile kavu cha vipande vidogo, ni salama kuliko pande la choma. Kipande kikiwa kidogo moto unafika. Na ukitaka choma kweli, mwambie mchomaji aichemshe kwanza halafu aipitishe kwenye mkaa, au aichane pande mpaka mfupani kabla ya kuweka kwenye wavu. Wapo wanaofanya hivyo bila kuombwa na nyama yao haina ukandambili wowote, ina mafuta yake, ina chumvi yake, laini. Kwa hiyo hata ile hoja kwamba ikiiva inakuwa ngumu ni ya watu wasiojua kupika. Shingo na mbavu za nguruwe zinataka muda, ndio zinalainika. Anayeila pinki hapati juisi, anapata mpira.

Na kama umekuwa ukila hizo midiamu na umeanza kujisikia tumbo baada ya kusoma hapa, usikimbilie duka la dawa. Kidonge kimoja cha kawaida cha minyoo mara nyingi hakimng'oi tegu. Na dawa zenyewe za tegu siyo za kujinunulia, maana kwa mtu ambaye tayari ana vijifuko kwenye ubongo nyingine zinaweza kumwamshia kifafa. Nenda zahanati, sema ukweli wako, upimwe. Daktari ameshaona mabaya zaidi ya aibu yako.

Jamaa yangu atasoma hapa, namjua, na atasema namtangaza. Sijamtaja. Ila swali lake la mwisho pale mezani sikulijibu kwa sababu ya muziki. Aliniuliza, "Kwani wewe unalipia nyama yangu?" Kaka, Jumamosi ile tulichanga sawa, kila mtu sehemu yake moja kati ya sita, kwa hiyo ndiyo, nilikuwa nalipia. Na mama mfagizi wa vyoo vya hosteli naye analipia, na mtoto wake, na mwenzetu wa chumba namba yako ambaye anafunga Ramadhani na kukukatia kachumbari ukiwa na njaa. Nyama ilirudi jikoni, ikakaa dakika ishirini, ikaja imesinyaa. Ulikula vipande vingi kuliko wote, niliona.

Jumamosi ijayo tukipata hela tunakwenda tena, ila mara hii naagiza mimi. Kavu, vipande vidogo, na mpishi anawe mikono mbele yangu kabla hajashika nyanya. Asiyetaka akaagize steki ya ng'ombe kule juu, sitamwangalia hata sahani yake. Pindi linaanza saa nane kamili, huyu mwalimu anafunga mlango, nakimbia.